Kwao Kulikomkataa Mtu: Riwaya ya Stefanie Zweig na Kiswahili cha Wakimbizi

Stefanie Zweig alizaliwa mwaka 1932 katika mji mdogo wa Leobschütz, Silesia ya Juu, mashariki ya Ujerumani kama mipaka ilivyokuwa siku zile. Baba yake alikuwa wakili, na jamaa yao walikuwa Wayahudi. Mwaka 1938 walikimbilia Kenya, wakakaa mashambani, kwanza Rongai na baadaye Ol' Joro Orok, hata mwaka 1947 waliporejea Ujerumani na kufanya makao Frankfurt. Huko binti huyu akawa mwandishi wa magazeti, na mwaka 1995 akatoa riwaya iitwayo Nirgendwo in Afrika, ambayo yafuata maisha ya jamaa yake kwa karibu sana, ila majina yamebadilishwa. Caroline Link alikitengenezea kitabu hicho filamu mwaka 2001, nayo ikapata tuzo ya Oscar ya filamu za lugha za kigeni mwaka 2003. Mwaka 2004 ikatoka tafsiri ya Kiingereza iliyofanywa na Marlies Comjean. Mwandishi alifariki mwaka 2014.

Kwa kawaida riwaya hii husomwa kama hadithi ya Wazungu waliookolewa na Afrika, na ya mpishi mwema aliyewafundisha kuishi. Usomaji huo si wa uongo, lakini ni mwepesi. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili liko jambo jingine zito zaidi. Sehemu kubwa ya mazungumzo ya kitabu hiki, kwa mujibu wa hadithi yenyewe, yalisemwa kwa Kiswahili, nayo yamefika kwa msomaji yakiwa yamevikwa Kijerumani. Mtu atakayekifasiri kitabu hiki kwa Kiswahili atakuwa anayarudisha maneno mahali yalikotoka, naye atalazimika kuamua yalikuwa maneno gani. Katika kuamua huko ndipo ubora wa riwaya na upungufu wake utakapoonekana.

Kipimo kifaacho katika kazi hiyo ni msomaji wa bara: mathalan kijana wa sekondari wa Laela, katika nyanda za juu za Ufipa. Yeye hakuzaliwa pwani. Kiswahili amekipata shuleni, sokoni na barabarani, kando ya Kifipa cha nyumbani, kama vile Owuor, mpishi wa riwaya, alivyokipata kando ya Kijaluo. Msomaji wa namna hii ajua kwa nafsi yake ya kuwa mtu aweza kujifunza Kiswahili ukubwani au utotoni kama lugha ya pili na bado akasema nacho kila alitakalo. Hawezi kudanganywa katika jambo hilo.

Kwanza lakini yafaa kueleza kilichopotea, kwa kuwa riwaya yaanza baada ya hasara kutokea, na msomaji asiyeijua historia ya Ujerumani aweza kudhani kwamba Walter Redlich, baba wa hadithi, ni mtu fukara aliyekuja kutafuta shamba. Mwaka 1933, Hitler aliposhika serikali, Wayahudi wa Ujerumani walikuwa kiasi cha 500,000, yaani hawakufika mtu 1 katika kila watu 100. Wengi walikuwa wenye maduka, wafanyabiashara wa nguo, wa nafaka na wa mifugo, mafundi, waganga na mawakili. Na maduka makubwa ya mijini, kama ya jamaa ya Wertheim na ya Tietz, yalijulikana nchi nzima. Hawakujiona wageni. Katika Vita Kuu vya 1914 hata 1918 Wayahudi kiasi cha 100,000 walitumika katika jeshi la Kaisari, na kiasi cha 12,000 wakafa. Zweig mwenyewe alizirudia habari za zama hizo katika uzee wake: riwaya yake Das Haus in der Rothschildallee, ya mwaka 2007, yasimulia habari za akina Sternberg, jamaa ya mfanyabiashara Myahudi wa Frankfurt, watu waliojihesabu Wajerumani kamili.

Kuvunjwa kwa maisha hayo hakukuja siku moja. Tarehe 1 Aprili 1933 wafuasi wa chama cha Nazi walisimama milangoni mwa maduka ya Wayahudi ili kuwazuia wanunuzi. Siku chache baadaye zilitoka sheria za kuwaondoa Wayahudi katika kazi za serikali na kuwanyima wengi wao ruhusa ya uwakili. Mwaka 1935 sheria za Nuremberg ziliwavua uraia kamili na kuwakataza kuoana na wasio Wayahudi. Mwezi wa Aprili 1938 kila Myahudi mwenye mali iliyozidi Reichsmark 5,000 aliamriwa kuiandikisha. Septemba ya mwaka huo mawakili wote waliosalia walipigwa marufuku. Na baada ya usiku wa 9 Novemba, masinagogi yalipochomwa na maelfu ya maduka kuvunjwa, serikali iliwatoza Wayahudi wenyewe faini ya Reichsmark 1,000,000,000, ikaamuru kwamba tangu 1 Januari 1939 wasiwe na duka wala karakana. Biashara nyingi ziliuzwa kwa bei ya kutupa, na wanunuzi mara nyingi walikuwa majirani, washindani, au watumishi wa jana.

Hapa msomaji makini ataulizia jambo moja: kwa nini Walter, aliye mwanasheria na mjuzi wa amri za serikali, alingoja hata mwanzo wa 1938? Jibu moja limo katika historia ya Silesia ya Juu yenyewe. Mapatano ya Geneva ya mwaka 1922 yaliwalinda wachache wa sehemu ile kwa muda wa miaka 15. Mwezi wa Mei 1933 Franz Bernheim, mtu aliyefukuzwa kazi katika duka kubwa la mji wa Gleiwitz kwa sababu ya Uyahudi wake, alipeleka mashtaka mbele ya Shirikisho la Mataifa, na serikali ya Ujerumani ikalazimika kuzisimamisha sheria zake dhidi ya Wayahudi katika jimbo lile. Mfanyakazi mmoja wa duka aliwapatia maelfu ya watu kivuli cha miaka minne. Mapatano yalikoma Julai 1937, na kivuli kikaondoka. Mwanzoni mwa mwaka uliofuata Walter wa riwaya yuko Rongai, peke yake, akimwandikia mkewe barua za kumhimiza aje pamoja na mtoto.

Barua hizo ndizo zinazofungua kitabu, nazo ni sehemu yake bora. Ndani yake mali ya zamani yaonekana kwa vipande vipande: ofisi iliyofungwa, baba mzee mwenye hoteli mjini Sohrau asiyetaka kuiacha, vyombo vya udongo vya fahari, na jokofu ambalo Jettel, mke wa Walter, aliombwa alete, naye akaja na gauni la karamu badala yake. Wasomaji wengi hulicheka gauni hilo. Lakini Zweig ameliweka kwa hekima. Jettel ni binti wa nyumba yenye starehe ya mji wa Breslau. Hakununua gauni kwa upumbavu, bali alinunua ushahidi kwamba maisha yale yalikuwapo na huenda yakarudi. Mtu aliyenyang'anywa duka au ofisi hashikilii kile kinachofaa. Hushikilia kile kinachomjulisha yeye ni nani.

Waswahili husema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Walter alipewa jembe siku ya kwanza. Pamoja na jembe akapewa Kiswahili, na kilikuwa Kiswahili cha jembe. Wakati ule ule wataalamu walikuwa wakikisanifisha Kiswahili cha Unguja. Mkutano wa Mombasa ulikuwa umekichagua mwaka 1928. Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1930. Na kamusi kubwa ya Kiswahili na Kiingereza, kazi ya Frederick Johnson, ilitoka mwaka 1939. Mashambani mwa walowezi kulikuwa na lugha nyingine. F. H. Le Breton aliipangia mazoezi katika kitabu chake Up-Country Swahili cha mwaka 1936, kilichokusudiwa askari, mlowezi, mchimba madini, mfanyabiashara na wake zao. Jina la kitabu chenyewe latosha kuonyesha ni nani waliotarajiwa kusema na ni nani waliotarajiwa kuitikia. Ni lugha ya amri: upatanisho wa ngeli umeanguka, kanusho limekuwa “hapana” peke yake, na kitenzi chasimama bila kiambishi cha nafsi.

Riwaya yahifadhi mabaki ya lugha hiyo. Binti wa hadithi, Regina, aitwa “memsahib kidogo”. Maneno hayo mawili yatosha kuwa somo zima. Neno la kwanza lilitoka India pamoja na utawala wa Waingereza. La pili ni la Kiswahili, lakini limenyimwa upatanisho, kwani Kiswahili chataka “mdogo” kwa mtu, na “kidogo” ni kwa kitu au kwa kadiri. Mfasiri mwenye haraka atasahihisha, aandike “bibi mdogo”, naye atakuwa amefuta historia. Maneno hayo yalivyo huonyesha hali halisi ya mtoto huyu: mkimbizi asiye na senti, ambaye lugha ya shamba haikuwa na jina jingine la kumpa ila jina la mabwana, hata kama kwa udogo. Mfasiri na aliache lilivyo.

Lakini pasisahauliwe kwamba si maneno yote ya Owuor yaliyosemwa hivyo. Hapa ndipo ulipo upungufu wa kwanza wa riwaya. Owuor ndiye mtu mwenye akili kuliko wote katika kitabu. Ndiye anayemponya Walter malaria kwa kumtunza usiku na mchana, ndiye anayefuata jamaa hii kutoka Rongai hata Ol' Joro Orok bila kuitwa. Zweig ampenda na kumheshimu. Na ili kuonyesha hekima yake, amemtungia Kijerumani cha pekee, kilichojaa macho, masikio, kinywa, kichwa na tumbo, kana kwamba fikira zake zote hupita mwilini kabla ya kufika ulimini. Kwa masikio ya Mjerumani usemi huo ni mtamu, tena una heshima. Kwa masikio ya kijana wa Laela utakuwa na mashaka. Kiswahili kweli husema “kichwa kigumu”, “jicho la husuda”, “mdomo mrefu”. Lakini msemaji wake pia husema sababu, haki, deni, ahadi, shaka na aibu, wala hahitaji kuvikwa picha ili afikiri. Owuor wa riwaya mara chache sana huruhusiwa maneno hayo makavu. Filamu, yenye makosa yake mengine, imemtendea haki zaidi kwa kuwa ilimpa mchezaji Mkenya, Sidede Onyulo, na Kiswahili chenyewe chasikika kinywani mwake. Hapo Owuor si picha tena, ni mtu mzima anayezungumza.

Upungufu wa pili ni wa ardhi. Riwaya yapima kwa mizani nyembamba kile jamaa ya Redlich ilichonyang'anywa, lakini shamba wanalokimbilia halipimwi hivyo. Ol' Joro Orok ilikuwa katika Nyanda za Juu, ambazo amri ya mwaka 1939 ilizihifadhi rasmi kwa Wazungu. Waafrika waliokaa humo walikuwa wafanyakazi waliolipia makao yao kwa kazi. Na sheria ya mwaka 1937, mwaka ule ule mapatano ya Geneva yalipokoma, ilizipa halmashauri za walowezi uwezo wa kuwapunguzia mifugo na mashamba na kuwaongezea siku za kazi. Mambo haya mawili si sawa. Silesia kulifuatiwa na mauaji ya jamaa nzima nzima. Kenya hakukuwa na nia hiyo, na mwenye kuyalinganisha kwa pupa hukosea pande zote mbili. Tena Walter hakuwa mwenye shamba: alikuwa mtu wa mshahara, chini ya mlowezi na juu ya Kimani, Mkikuyu aliyefanya naye kazi Ol' Joro Orok. Hata hivyo, mwanasheria aliyejua vizuri namna amri moja ya karatasi inavyoweza kumtoa mtu dukani mwake, angeweza kuona kwamba Kimani naye aliishi chini ya karatasi. Zweig amgusia Kimani kwa huruma kubwa; amri zilizomfunga hazigusii kwa uzito huo. Kitabu kinachojua sana maana ya kufukuzwa kingalifaa kuuliza mara moja zaidi ni nani aliyefukuzwa kabla yake.

Baada ya kusema hayo, ni haki kuonyesha mahali riwaya inaposhinda, na inashinda kwa vitu viwili: wimbo na joho. Walter amfundisha Owuor wimbo wa Kijerumani juu ya mtu aliyeuacha moyo wake mjini Heidelberg, na Owuor auimba shambani bila kujua maana. Tukio hili lachekesha, na Zweig aliacha lichekeshe. Lakini wimbo huo wa mwaka 1925 una historia. Mmoja wa waliotunga maneno yake alikuwa Fritz Löhner-Beda, Myahudi wa Vienna, aliyekamatwa mwaka 1938, akafungwa Dachau na Buchenwald, na kuuawa Auschwitz mwaka 1942. Kwa hiyo katika miaka ile ile ambayo Wanazi waliwafukuza Wayahudi na lugha yao, Mjaluo mmoja wa hadithi aliyahifadhi maneno ya Myahudi huyo milimani Kenya, na aliyemfundisha alikuwa Myahudi mwingine. Lugha ya Kijerumani ilikuwa mali ya Wayahudi wa Ujerumani kama duka na nyumba; nayo ndiyo mali pekee ambayo haikuweza kuandikishwa wala kupigwa mnada.

Joho nalo ni joho jeusi la uwakili, ambalo Walter amekuja nalo Afrika na ampa Owuor, kwa sababu, kwa maoni yake, halina kazi tena mwilini mwake. Mfasiri wa Kiswahili ana bahati hapa kuliko yule wa Kiingereza. Katika Kiswahili joho ni vazi la heshima la mwungwana, la mwanachuoni na la aliyehitimu. Neno hilo peke yake latimiza kile ambacho Kijerumani kilihitaji kurasa kadhaa kukieleza: kwamba Owuor hakupewa nguo kuukuu kama mtumishi apewavyo, bali alivikwa cheo. Jambo hili latokea kabla ya vita, wakati ambapo Ujerumani yenyewe ilikuwa ikiwavua mawakili wake majoho.

Sasa yatazamwe majina. Vita vilipoanza Septemba 1939, serikali ya Kenya iliwakamata Wajerumani wote kama raia wa adui, Wayahudi wakiwamo. Katika riwaya wanaume wapelekwa kambini, na wanawake na watoto wawekwa katika hoteli za Nairobi, mojawapo ikiwa Norfolk. Hoteli hiyo ilikuwa mali ya Abraham Block, Myahudi mzaliwa wa Lithuania aliyefika Kenya mwaka 1903 na kuinunua mwaka 1927. Hivyo Jettel, ambaye baba mkwe wake alikuwa katika hatari ya kuipoteza hoteli yake Sohrau kwa kuwa ni Myahudi, alizuiliwa katika hoteli ya Myahudi mwingine kwa kuwa ni Mjerumani. Na hilo silo la mwisho. Tarehe 25 Novemba 1941 serikali ya Ujerumani ilitoa amri kwamba Myahudi yeyote akaaye nchi za nje si raia wa Ujerumani tena, na mali yake ni ya dola. Mtu yule yule alikuwa Mjerumani mno kwa Waingereza, na si Mjerumani hata kidogo kwa Wajerumani.

Kijana wa Laela ana sababu yake ya kulisoma jina hilo kwa makini. Ufipa ulitawaliwa na Wajerumani kutoka boma la Bismarckburg, yaani Kasanga ya sasa, kwenye Ziwa Tanganyika, hata Waingereza walipoliteka mwaka 1916. Katika masimulizi ya Watanganyika “Mdachi” alikuwa ni mtu wa bunduki, kodi na kiboko. Neno halikuwa na maana nyingine. Baadaye, katika miaka ya 1930, walowezi wengi wa Kijerumani Tanganyika walijiunga na matawi ya chama cha Nazi. Riwaya ya Zweig yaleta mbele ya msomaji wa Kitanzania Mdachi wa aina ambayo lugha yake haikuwa imemwekea neno: Mdachi aliyekimbia Wadachi. Lugha haikosi kumbukumbu, lakini kumbukumbu zake huwa na pengo. Maneno ya Kijerumani yaliyobaki katika Kiswahili cha kila siku ni machache, na miongoni mwao ni “shule” na “hela”. Kijana huyo huyatamka kila asubuhi bila kumfikiria Kaisari wala Hitler. Labda ndivyo ipasavyo: neno halirithi dhambi za aliyelileta. Lakini jina la watu lataka uangalifu kuliko jina la kitu.

Yote haya yaelekea kwenye neno moja, nalo ndilo kiini cha riwaya nzima. Wajerumani wana neno “Heimat”, yaani mahali mtu anapojiona ni pake, na ugomvi wa Walter na Jettel tangu mwanzo hata mwisho ni ugomvi juu ya neno hilo. Walter ataka kurudi. Jettel, aliyekataa kuizoea Afrika siku za kwanza, mwishoni ndiye akataaye kuiacha. Katika Kijerumani ugomvi huu waweza kuonekana kama wa mume mwenye tumaini na mke mwenye uchungu. Katika Kiswahili waonekana wazi zaidi, kwa sababu Kiswahili hakina nomino moja ya kutosha hapo. Lina “nyumbani”, ambalo ni jengo na makao. Na lina “kwetu”, “kwenu”, “kwao”, ambayo si majina ya mahali hata kidogo, bali ni mahali pamoja na watu. Mtu wa Laela hasemi tu kwamba atoka Laela; husema “kwetu Laela”. Ndani ya “kwetu” imo “sisi”. Watu wakiondolewa, neno haliwezi kusemwa.

Hivi ndivyo ilivyokuwa. Mama yake Jettel na ndugu yake wa kike walituma barua fupi ya kusema wanapelekwa Poland, na baada yake kimya. Baba yake Walter na dada yake hawakunusurika. Mji wa Leobschütz ulikuwa sehemu ya Poland tangu 1945, na Wajerumani wake waliondolewa. Walter aliporudi mwaka 1947 ili awe hakimu, alirudi Frankfurt, mji ambao haukuwa wake. Heimat aliyoitaka ilikuwa sheria, lugha na kazi yake; alichokikataa Jettel kilikuwa “kwetu” isiyo na “sisi”. Wote wawili walikuwa na haki, ila hawakuwa wakisema juu ya kitu kimoja, na lugha yao iliwapa neno moja tu la kugombania. Tafsiri nzuri ya Kiswahili ingempa Walter “nyumbani” na Jettel “kwetu”, na msomaji angefahamu mara moja kile ambacho msomaji wa Kijerumani hufikia polepole.

Iko methali isemayo, mkataa kwao ni mtumwa. Methali hiyo yamhukumu mtu anayewakana watu wake. Haikumwaza mtu ambaye kwao kumemkataa yeye: aliyevuliwa joho, aliyefungiwa duka, aliyefutiwa uraia na majirani waliokuwa wateja wake jana. Sarufi ya Kiswahili hata hivyo yakubali sentensi hiyo, kwani mahali paweza kuwa kiima cha kitenzi: kwao kulimkataa. Hakuna haja ya kuazima muundo kutoka lugha nyingine. Kwa sababu hiyo hata jina la kitabu lisifasiriwe neno kwa neno. “Nirgendwo” ni kielezi cha kukanusha mahali, na Kiswahili hukanusha mahali kwa kitenzi. “Si Popote Afrika” lingekuwa jina la vumbi. “Kusiko Kwetu” lingeeleza zaidi, nalo lingekuwa kweli kwa nchi zote mbili za hadithi.

Riwaya hii, basi, si hadithi ya Afrika kwa ukamilifu, na sehemu zake juu ya Waafrika zataka kusomwa kwa jicho la kukosoa. Ni kitabu chema juu ya namna mtu anavyoondolewa katika jamii hatua kwa hatua: kwanza mnunuzi azuiwa mlangoni, kisha mali yaandikishwa, kisha jina labadilishwa, na mwisho “sisi” yenyewe yafutwa. Wanafunzi wa Kiswahili watafaidika wakikisoma kwa sababu hiyo, na watakifaidi zaidi siku watakapokisoma kwa lugha ambayo nusu ya maneno yake yalitamkwa kwanza. Mfasiri atakayeifanya kazi hiyo asimtendee Owuor kama alivyotendewa na Kijerumani. Ampe Kiswahili chake chote, na maneno yake makavu pia.